Siku Ambayo Hakuzunguka

Kila aliyewahi kuunguliwa katika kijiji kile alijua kwamba Mama Zimamoto hatoi amri kabla ya kuizunguka nyumba. Pikapu kuukuu iliyofungwa tangi na pampu ingefika ikikohoa, vijana wa kujitolea wangeruka chini na kuanza kukunjua mpira, na yeye, fundi cherehani aliyeacha nguo ya mteja chini ya sindano, angekunja gauni na kuondoka kwa hatua ndefu: ubavuni, nyuma, ubavu wa pili, hadi mbele tena. Alitaka kujua nani bado yumo, chumba gani bado kizima, mlango upi unafaa kuvunjwa. Fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyeendesha pampu, hakuchoka kumtania.

“Tumsubiri kidogo,” angesema. “Mpangaji wetu anakagua chumba.”

Hata waliokuwa wakilia walijikuta wakicheka.

Jina hilo alipewa na wifi yake, mke wa kaka yake, wala hakupewa kwa heri. Katika harusi moja, mbele ya ukoo mzima, wifi alisema kwamba mwanamke anayecheza na maji barabarani huku mumewe akila kiporo aitwe tu Mama Zimamoto, maana umama wa nyumbani umemshinda. Ukoo uliangua kicheko. Baadaye kijiji kililiokota jina lile, kikalipangusa tusi, kikalifanya la heshima. Mwenye jina alipokea heshima na kulihifadhi tusi. Tangu hapo wifi hao wawili walisalimiana kwa ncha ya ulimi.

Alasiri moja kengele ya shule ilipigwa mfululizo, nayo ndiyo iliyokuwa ishara ya moto. Moshi ulikuwa unatoka nyumbani kwa kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa safarini. Pikapu iliposimama, sebule ilikuwa inawaka na mabati ya mbele yameanza kujikunja. Mama Zimamoto alishuka, na mguu wake, kwa mazoea, ukainuka kuelekea ubavuni. Akaurudisha.

“Hii imekwenda,” alisema. “Maji yote kwa jirani.”

Fundi baiskeli alimtazama, mkono ukiwa juu ya pampu. “Dada, hatuzunguki?”

“Nimesema kwa jirani.”

Pampu ikanguruma. Nyumba ya jirani, pamoja na ghala lake lililojaa mahindi, ilipona. Ya kaka yake iliteketea yote. Paa lilipoanguka ndipo wifi alipojitokeza kutoka uani, uso umejaa masizi, mkono mmoja umebabuka, mwingine umeshika sweta la shule ambalo halijatiwa mikono. Kazi yake ilikuwa kufuma masweta hayo. Watu walidhani amekimbilia nyuma kujiokoa.

Hakuna aliyemlaumu Mama Zimamoto, na hilo ndilo lililomtia uchungu. Tangi lilikuwa dogo, upepo ulivuma kuelekea ghalani, na mkufunzi yeyote angeisifu amri ile. Kaka yake aliporudi alimshika mikono yote miwili akamshukuru kwa kuwaepusha na deni la aibu kwa jirani. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza mkutano wa kumkabidhi kofia ngumu mpya. Yeye alikaa mbele ya cherehani yake, akashindwa hata kutunga uzi.

Mwishowe alikwenda kumwona wifi yake, aliyekuwa amepewa chumba kwenye nyumba ile ile iliyookolewa. Alimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa bendeji. Akampa pole, nayo ikapokewa. Kisha wifi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Mashine yangu ya kufumia ilikuwa chumba cha nyuma. Moto ulikuwa haujafika. Niliikokota mpaka mlango wa uani, ikakwama kizingitini. Ilitaka mtu wa pili tu wa kuinyanyua.”

“Mbona hukuita?”

“Niliita, ngurumo ya pampu ikaimeza sauti yangu. Halafu nikaacha kuita, maana wewe huzunguka. Hata mimi ninayekusema vibaya najua kwamba huzunguka. Nikakaa pale nikikungoja mpaka mkono ukaungua.”

Mama Zimamoto alikuwa na la kusema kuhusu tangi, na jingine kuhusu upepo. Yote yalikuwa kweli, na yote aliyaacha.

“Nilijua nyumba ni ya nani,” alisema.

“Hilo usiniambie mimi, wifi. Kawaambie wanaokupigia makofi.”

Akawaambia. Katika mkutano, kofia ikiwa mezani, alisimama akaeleza kwamba hakuzunguka, na kwamba hakuzunguka kwa sababu ya mwenye nyumba. Watu walicheka kwa upendo. Mwenyekiti alisema huo ndio unyenyekevu, hata sifa anazikimbia, na makofi yakazidi. Kijiji kilihitaji shujaa, kwa kuwa shujaa ni nafuu kuliko gari zima la zimamoto, ni nafuu kuliko bomba la maji linaloahidiwa kila uchaguzi. Waliokuwa wamekaa miaka yote bila kudai hata tangi la pili hawakuwa tayari kunyang'anywa mtu wa kumsifu.

Alirudia, kwa maneno machache zaidi. Wakapiga makofi tena.

Ndipo fundi baiskeli aliposimama. Alisema alimwuliza Dada kama hawazunguki. “Na mimi nilijua nyumba ni ya nani,” akaongeza. “Nikafungua maji, nikanyamaza.”

Makofi yalikufa. Wifi, aliyeketi karibu na mlango, aliweka sawa bendeji yake, akainuka, akatoka bila kumtazama mtu. Kofia ilibaki mezani.

Hakuna aliyejitokeza kuchukua nafasi ya Mama Zimamoto, kwa hiyo kengele ilipolia tena, kwa jiko la shule lililoshika moto, ni yeye aliyeshuka kwenye pikapu.

“Usiwashe pampu mpaka nirudi,” alimwambia fundi baiskeli.

Akazunguka. Vijana walisimama na mpira mikononi, na fundi baiskeli hakusema neno juu ya mpangaji wala chumba. Katika ukimya ule walimsikia akifika nyuma ya jiko, akisimama kwenye mlango wa uani, na kuuliza mara mbili kama kuna mtu.