Kula ya Baba

Nimefundisha anthropolojia ya chakula mpaka nimeota mvi, na wasomi wa chakula nawajua vizuri. Wanakwenda kijijini na maji yao ya chupa, wanaonja tonge moja la ugali wa mtama kwa uso wa mtu anayemeza dawa ya minyoo, kisha wanarudi chuoni kuandika kurasa chungu nzima juu ya maana ya tonge. Lakini katika wote niliofanya nao kazi, sijapata kumdharau mtu kama bingwa wetu wa idara, profesa mmoja wa pwani aliyedhani Kiswahili kilizaliwa sebuleni kwao. Ukikosea ngeli mbele yake anafumba macho, anashusha pumzi, basi mpaka jioni atakusimanga.

Bingwa huyu alifika kijijini kwetu, upande wa Songwa, kutafiti wanawake na chakula. Mimi wakati huo nilikuwa mhadhiri mchanga, niko machimboni karibu na Kharumwa, nashinda na mama ntilie wanaowapikia wachimbaji. Alifikia kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, si kwa lolote ila nyumba iko karibu na barabara na yeye hakutaka kuchafua viatu. Mama mkubwa akamchinjia kuku. Akala mapaja, akala kidari, akala na firigisi, kisha akawasha kinasa sauti na kuuliza maisha ya mwanamke yalikuwaje zamani.

Mama mkubwa akamweleza habari za chama cha msingi cha pamba. Kulima alilima yeye, kuchuma alichuma yeye, lakini siku ya kuchagua viongozi wa chama mwenye sauti alikuwa mume wake, kwa kuwa ndiye aliyeandikishwa. Akasema, na maneno yake yamechapishwa hivi: "Mwanamke hana kula. Kula ni ya baba. Mimi tangu niolewe sikupata kula yangu hata moja."

Sasa, kwetu herufi r ni mgeni. Msukuma wa kijijini anapita balabalani, anapika mahalage, na uchaguzi ukifika anapiga kula. Mwalimu alituchapa sana kwa hilo tukiwa shule ya msingi. Na hata kama masikio yalimdanganya bingwa, ngeli ilikuwa inapiga kelele: angekuwa anasema habari za chakula angesema "kula kwangu", si "kula yangu". Na nani duniani anahesabu kula moja moja? Bingwa aliliona hilo, maana alikuwa haachi kosa lipite. Akaandika chini ya ukurasa kwamba msemaji, kama wengi wa bara, hamudu sarufi. Habari za pamba akazifuta zote, akidhani bibi ametoka nje ya mada. Loo! Mtu unadharau mdomo wa mwenzio kiasi cha kutosikia unachosema!

Basi akatoka na nadharia yake: kijiji ambacho mume humnyima mke chakula. Jina la kijiji alilificha, eti maadili ya utafiti, ila akaweka picha ya baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, kwenye kigoda, sahani mkononi, ndani ya sahani shingo ya kuku. Ndiyo iliyokuwa imesalia baada ya profesa kushiba.

Makala ikazaa mradi. Wakaja watu wa fulana na vipaza sauti, wakakusanya kijiji uwanja wa shule, wakamwita baba mkubwa mbele aahidi hadharani kwamba kuanzia siku ile mkewe atakula. Mzee wa watu hakuelewa ametuhumiwa nini hata alipokuwa anaitikia "ndiyo". Redio ikatangaza. Habari zikanifikia kule machimboni, pale mwanaapolo mmoja, hao wanaoshuka mashimoni, aliposikia natoka wapi. "Kumbe ni wa kwa yule mzee mchoyo!" akasema. "Mama, muongezee dada ugali, katoka kwao na njaa." Watu wakacheka, nami nikacheka nao mpaka nilipouliza mzee gani.

Huyo mzee ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Mwaka ule wa njaa tulipokuwa tunaishi kwa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, alikuwa akisema tumbo limejaa gesi, kuleni nyinyi. Nilirudi nyumbani nikamkuta amehamishia mlo nje, kando ya njia. Anamkalisha mama mkubwa pale, anamwekea ugali, na yeye hagusi tonge mpaka wapita njia wawe wameona kwamba mke ameshiba. Ugali unapoa, mboga inaganda, ndipo anasogea.

"Ananilisha kama ng'ombe wa mnadani," mama mkubwa alilalamika. "Kila anayepita ananitazama mdomoni."

Baba mkubwa aliniambia mimi: "Mwanangu, wewe ni msomi mwenzao. Waambie wanivue hili jina. Nisizikwe nalo."

Nikaenda ofisini kwa bingwa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Habari za huko porini?"

"Profesa, yule mama alisema kura. Kura ya uchaguzi. Kwetu tunatamka hivyo."

Akacheka, tena kicheko cha raha! "Kumbe! Hicho Kiswahili chenu kitatuua. Lakini herufi moja haiangushi nadharia, binti yangu."

"Imemwangusha mzee wa watu. Andika masahihisho."

"Na wewe unajuaje kwamba hawanyimwi?"

"Nimekula pale, Profesa. Nimekulia pale."

"Ndiyo maana huwezi kuona," akasema, akaagiza chai na sambusa. Nilitamani zimkwame.

Niliandika masahihisho mwenyewe. Jarida likayabana ukurasa wa mwisho, baada ya matangazo ya makongamano, yakasomwa na mimi na aliyeyachapa. Kijijini nikazunguka nyumba kwa nyumba nikieleza. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia ni vizuri mtoto kumtetea mzazi. Redio nayo nikaifuata. Wapi! Walitaka barua ya profesa.

Profesa mwenyewe alikwenda, lakini kupima mafanikio ya mradi. Akamkuta mama mkubwa kando ya njia anakula peke yake, na mzee pembeni, mikono magotini, anasubiri. Wanasema alitokwa na machozi. Akapiga picha, akaandika makala ya pili, na hiyo ndiyo iliyompa tuzo ambayo mpaka leo ameitundika nyuma ya kiti chake. Wanafunzi wananiletea makala hizo mbili darasani kama msahafu. Nawafundisha kosa lilipo, wanaandika, na kwenye mtihani wanamnukuu yeye.

Baba mkubwa tumemzika masika haya. Kabla jeneza halijashushwa, mwenyekiti wa kijiji akasoma wasifu. Amezaliwa, ameoa, amelima pamba, ameacha watoto na wajukuu. Halafu akapandisha sauti kwa heshima kubwa: marehemu alikuwa mfano wa kuigwa, kwani zamani alimnyima mkewe chakula, akaelimishwa, akabadilika.

Mama mkubwa akasimama. Tulitaka kumshika, akatusukuma.

"Mume wangu hakuninyima chakula," akasema. "Hakuninyima hata siku moja."

Umati ukaguna. Mwanamke mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amesimama karibu nami, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mwone mama wa watu alivyo na moyo," akaninong'oneza. "Ameshamsamehe."