Chenga za Udongo wa Mama

Nakumbuka bado, mwanangu, siku ile kaka yangu Anselmi alipochuja udongo wa mama.

Mama alikuwa mfinyanzi pale Kimuli, wa kufinyanga kwa mikono mitupu. Ugonjwa ulipomlemea alichukua vigae vya chungu cha mama yake, akavisaga vikawa chenga, akazichanganya na udongo wa bondeni, kisha akaufunga kwa majani ya mgomba. Ulikuwa udongo wa chungu changu cha kuolewa. Hakuwahi kukifinyanga. Tulimzika kabla ya mvua.

Anselmi alikuwa amejifunza gurudumu la kufinyangia kule misheni. Alinipenda sana yule, wala sisemi haya kumsengenya. Aliniambia, "Usilie, chungu chako nitakifinyanga mimi." Lakini kila gurudumu lilipozunguka, chenga zilimkwaruza viganja hadi damu. Basi akaulowesha udongo, akauchuja kwa kitambaa, na chenga akazimwaga kwenye njia ya ng'ombe. Chungu kikatoka laini, chembamba, kizuri ajabu. Nilikwenda nacho kwa mume wangu, kijiji cha Songambele, nikijivuna njia nzima.

Nikainjika maharage. Hata hayajachemka, chungu kikapasuka, maji yakazima moto.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekuja kunitembelea. Aliokota kipande, akapitisha kidole gumba pale kilipovunjika.

"Chenga za mama yako ziko wapi?"

Nikamweleza.

"Zile ndizo zinazokifanya chungu kivumilie moto, mwanangu. Mama yako alijua anachokuachia."

Nililia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa bado na kitu cha mama cha kusubiri.

Kila Anselmi alipokuja kunisalimia aliuliza, "Chungu kizima?" Nami nikajibu, "Kizima, kaka." Amekufa akijua hivyo.

Basi wewe, mwana wa mwenzangu, uliyeanza gurudumu, nisikilize. Udongo wake uwe laini, ndiyo. Viringisha kidogo kama kamba, uuzungushe kidoleni; usipopasuka, unafaa kwa mitungi ya maji na vikombe. Wa kupikia uachie chenga zake. Na ukikuta udongo ulioandaliwa na mtu mwingine, uliza kwanza alitaka kuufanyia nini. Kama hayupo wa kuulizwa, uache, kachimbe wako. Bondeni haujaisha.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na amwache mama yako aishi mpaka ushibe chakula cha chungu alichokufinyangia mwenyewe.