Nilimsingizia Ndahani kwa Makusudi

Ndugu zangu, mnaniona nikichechemea. Mguu huu wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Mimi ni Yona, mfugaji wa hapa Ugogo. Kabla ya kuugua niliweza kutembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Nilikuwa nimebatizwa, nikadhani hilo linatosha.

Mimi na jirani yangu Ndahani tuligombana juu ya kisima alichochimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala, walikuwa wakiwasaka watu waliokata waya wa simu ili kutengenezea bangili. Askari wakaja na jumbe wa kijiji, wakatuuliza. Nikasema nimemwona Ndahani akiukata. Sikumwona. Nilijua ni uongo hata kabla sijafungua kinywa. Alichapwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, mbele yetu, akafungwa mnyororo shingoni, akapelekwa bomani, kwenye ngome ya serikali. Nami nikanywesha ng'ombe wangu kwenye kisima chake.

Mvua zilipokwisha, funza walinishika miguuni. Niliwatoa kwa mwiba, kama kila mtu. Lakini kidole gumba kikavimba, kikawa cheusi, na cha pili kikafuata. Usaha ulinuka hata mke wangu Mbeleje akawa ananilisha akiwa amegeuza uso. Homa ikapanda. Nikakumbuka fundisho la kanisani, kwamba katika Torati sadaka ilikuwa ya aliyekosa bila kujua, bali aliyekosa kwa kiburi, akijua, alikatiliwa mbali na watu wake. Mimi nilijua. Hilo lilinitisha kuliko kifo.

Walinibeba kwa machela hadi misheni. Bibi mganga wa hapo aliutazama mguu, akasema vidole viwili vikatwe, la sivyo nitapoteza mguu wote. Wanaume wanne walinishika. Niliusikia mfupa ukikatika.

Siku ya tatu homa ilikuwa haijashuka. Nikamwita mwalimu wa kanisa, nikamweleza yote, nikamwuliza kama ugonjwa huu ndio hukumu yangu. Akasema funza hawachagui, amewatoa hata miguuni mwa watoto wasio na kosa.

"Daudi naye aliua kwa makusudi," akasema. "Alitubu, Mungu akampokea. Lakini Ndahani bado yuko kwenye mnyororo, Yona. Ukitubu kwangu tu, umetubu nusu."

Kusema kweli kwa jumbe kungeniletea viboko vile vile, na mwili wangu haukuwa na nguvu. Mbeleje aliniomba ningoje nipone. Nikangoja mwezi mzima, na kila siku niliyongoja Ndahani aliilipa yeye. Mwisho nikaenda kwa mkongojo.

Jumbe alinisikiliza, akaniambia nisiondoke mpaka bomani wajibu. Siku nne nilikaa barazani kwake. Siku ya tano Ndahani akaletwa, amekonda, shingo ina kovu pande zote. Jumbe akamwuliza nichapwe viboko vingapi. Ndahani alinitazama mguu, kisha uso.

"Asichapwe," akasema. "Apite kila nyumba iliyoniona nikifungwa, aseme kwa kinywa chake kwamba alidanganya."

Jumbe akaongeza nimpe Ndahani ng'ombe watatu. Nikatoa. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, damu ikipenya kwenye kitambaa cha mguu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ndahani. Wanawe walinisikiliza wamesimama, hawakunikaribisha kuketi. Ndahani hunisalimu siku hizi. Kwamba amenisamehe, hajasema, nami simdai.

Namshukuru Mungu, na bibi mganga, na Mbeleje aliyeniosha kidonda mpaka kikafunga. Ukiona kidole kinabadilika rangi, usikifiche, wahi upate tiba. Na kama umemsingizia mtu, nenda leo. Mungu hakunitupa, ingawa nilichelewa. Lakini ule mwezi niliongoja nipone, Ndahani aliumaliza akiwa amefungwa, na toba yangu haiwezi kumrudishia.