Fomu Sabini na Moja

Kwa miaka kumi na minne, kila ulipoingia mwezi wa pili, mama mmoja wa ghorofa ya pili katika jengo letu alivaa viatu vya raba, akachukua ubao wake wenye kibanio, akaenda kuwauliza watu wanalipa kodi kiasi gani. Alikuwa karani wa idara ya makazi ya halmashauri ya mji. Ofisi ilimpa orodha ya nyumba mia mbili na arobaini za kata yetu, na yeye alibisha hodi moja baada ya nyingine: vyumba vingapi, maji yanatoka kila siku au kwa zamu, mmeingia lini, mnalipa ngapi. Majibu yakijumlishwa na kugawanywa, ulipatikana wastani wa kata. Watoto wa jengo walimpa jina la Mama Fomu, likamganda.

Hakuwa na mzaha na kazi yake. Penye mbwa mkali alisubiri mwenye mbwa arudi. Aliwahi kuniambia kwamba mpangaji akitaja kodi yake kwa haraka amesema kweli, ila akianza kwa kukuuliza wewe unalipa ngapi, hapo funga kalamu kwanza.

Wastani ule haukuwa pambo la ukutani. Sheria ya mji ilisema mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi mpaka kufikia wastani wa kata, na hilo lilihesabiwa ongezeko la haki. Akitaka kupita hapo, aende mbele ya baraza la kodi aeleze amejenga nini au amekarabati nini. Miaka mingi hatukuyaona makali yake, kwa sababu wastani ulitokana na watu kama sisi, tuliokaa muda mrefu na kuelewana na wenye nyumba. Ulipanda, ndiyo, lakini ulipanda kama mzee anavyopanda ngazi.

Kisha goti la Mama Fomu likaharibika. Daktari alimwambia limelika ndani na kwamba ngazi ndizo zinazolimaliza. Alimwomba mkuu wa idara ampe msaidizi. Mkuu akasema fungu hakuna, tarehe ya kukabidhi ni ileile. Mama Fomu akameza dawa za maumivu, akazimaliza nyumba za chini na za ghorofa ya kwanza. Za juu zikabaki, na karibu majengo yote ya kata hayana lifti.

Jirani na kituo cha basi palikuwa na dalali mwenye ofisi ndogo na ubao wa nyumba zinazotafuta wapangaji. Alimkaribisha Mama Fomu, akampa kiti na daftari lake la bei. Siku mbili mama wa watu alikaa pale, mguu ameunyoosha juu ya kreti ya soda, akijaza fomu za nyumba ambazo hakuzifikia. Alijaza sabini na moja. Bei za dalali si kodi anazolipa mtu; ni bei anayotajiwa mgeni asiyeujua mji, ili apunguziwe kidogo ashukuru. Mama Fomu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alijiambia ni mwaka huu tu.

Wastani ulipotangazwa, ulikuwa umeruka kutoka elfu arobaini na saba hadi elfu hamsini na nane.

Mwenye nyumba wetu wa zamani alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na jengo likaangukia kwa mwanawe, kijana tuliyemwona akikua, akicheza mpira uani na kuvunja vioo vyetu. Alipita mlango kwa mlango na barua, kwa adabu zote. Kila nyumba, elfu hamsini na nane kuanzia mwezi ujao. Mama Fomu alikuwa akilipa arobaini na moja. Kijana alimwamkia, akampa barua kwa mikono miwili, akamwambia, "Shangazi, usinione mbaya. Mimi sikubuni kitu. Namba ni zenu."

Aliyeumia zaidi alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya nne. Alilipa thelathini na tisa, na alishonea nyumbani kwa sababu ya baba yake, aliyepigwa na kiharusi na hakuweza kuachwa peke yake. Wateja waliujua mlango ule, walipanda kumfuata. Kwake, kuhama kulikuwa ni kuanza maisha upya. Alimfuata Mama Fomu siku ileile, maana ndiye aliyekuwa mtu wa ofisini.

"Dada, wewe unazijua namba hizi," alimwambia. "Hii hamsini na nane imetoka wapi?"

Mama Fomu alimjibu kwamba maisha yamepanda kila mahali.

Fundi hakuridhika. Aliandika malalamiko, akapita kwetu kukusanya saini. Nilitia yangu. Mama Fomu alisema mfanyakazi wa halmashauri haruhusiwi. Baraza likapanga siku, na kijana mwenye nyumba, kwa kuwa hakuwa mjinga, akamwita Mama Fomu kuwa shahidi wake.

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu, feni lisilozunguka, na watu watatu waliokaa mbele. Mwenyekiti alikuwa wakili mstaafu, mama mpole anayesikiliza kichwa kikiwa upande. Sisi tulikaa nyuma kwenye mabenchi. Mwenyekiti alimwonyesha Mama Fomu taarifa, akamuuliza kama saini ile ni yake na namba zile ni zake. Akasema ndiyo. Kijana alikwisha kuanza kukunja karatasi zake, na Mama Fomu angeweza kurudi kukaa.

Hakurudi. Alishika ukingo wa meza, akasema, "Lakini sabini na moja si za kweli. Sikuzifikia. Nilizinakili kwa dalali."

Alieleza yote, goti, daftari, kreti ya soda, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia idadi ya vyumba. Mwenyekiti akamuuliza kama anaweza kuzitambua. Alikuwa ameziandika kwenye karatasi, akaitoa kwenye mkoba. Mwenyekiti akaanza kuisoma kwa sauti, jengo na ghorofa. Alipofika jengo letu alisoma: ghorofa ya nne, mlango wa kushoto, elfu themanini na nne.

Ulikuwa mlango wa fundi.

Nilimtazama fundi. Nilidhani angelia, au angefurahi kwamba ukweli umetoka. Alikuwa anaangalia mikono yake tu. Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa mbili juu ya kichwa cha Mama Fomu, na kila siku mama huyu alisikia cherehani ikikimbia.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Baraza lilimshukuru shahidi kwa uaminifu wake. Lakini taarifa ilikwisha kutiwa saini na kutangazwa, na baraza halina mamlaka ya kubadilisha wastani. Mwenye mamlaka ni idara. Idara ikajibu kwamba makosa yatarekebishwa katika zoezi la mwaka ujao. Mpaka hapo, hamsini na nane ni halali na ongezeko ni la haki. Mama Fomu alifukuzwa kazi kwa kughushi, bila kiinua mgongo. Mkuu wa idara akapandishwa cheo mwezi uleule, sijui kwa lipi.

Fundi alihama. Vijana wawili wa mizigo walimbeba baba yake kwenye kiti cha jikoni, wamemfunga kiunoni kwa shuka, ngazi kwa ngazi, mzee akishika nguzo kwa mkono wake mmoja mzima kana kwamba hataki kwenda. Ghorofa ya pili walimtua wapumzike. Mama Fomu akafungua mlango na jagi la maji. Vijana walikunywa. Fundi akasema asante, yeye amekwisha kunywa.

Mwaka uliofuata karani mpya alitembea kata nzima kwa miguu yake, akapanda kila ghorofa, hakuruka mlango. Wastani ukatoka elfu hamsini na tisa. Haukuwa na kosa. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kupandisha, waliobaki walikuwa wakilipa, na uongo wa Mama Fomu ulikuwa sasa ndiyo kodi yetu halisi. Yeye mwenyewe alibaki kwa kupangisha chumba chake cha kulala kwa wanafunzi wawili wa uuguzi. Yeye akahamia sebuleni.

Alikwenda kumtembelea fundi mara moja, kule pembeni mwa mji ambako basi linageuzia. Alinisimulia mwenyewe. Alikuta chumba kimoja, kitanda cha mzee ukutani, cherehani mlangoni kufuata mwanga, na nguo mbili tu zikingoja kushonwa. Fundi alimpa kiti. Wakaongea habari za mzee, habari za goti. Kisha fundi akasema, bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Ungeniita tu pale dirishani, dada. Ningekutajia."

Mama Fomu alitaka kumwambia kuhusu uchovu, kwamba ilipofika siku ya pili hakuwa tena akisoma majina ya majengo. Fundi alimaliza mkono wa gauni, akakata uzi kwa meno, akaanza mkono wa pili. Mzee alikuwa amelala. Mama Fomu alikaa mpaka aliposikia basi likiguruma kugeuza, akaaga, akaondoka.