Mamluki Ghalani

Juzi hapa Kitale nilimwona kijana akivua jezi ampe mwenzake aingie uwanjani, na puani ikanirudia harufu ya mahindi makavu na dawa ya wadudu.

Nilikuwa mtoto, na ilikuwa fainali ya kugombea fahali, kijijini kwetu Bungoma. Bunduki zilipolia upande wa mlimani, wageni wetu, timu iliyotoka huko huko mlimani, walitimka wakapotelea mashambani, akabaki golikipa wao. Tulijifungia naye katika ghala la mahindi, tumebanana hadi kupumua kukawa kazi. Mjomba Wafula, nahodha wetu, akavua jezi yake ya kijani akamvalisha. Nilichukia. Mamluki, wachezaji wa kuazima kutoka timu nyingine, walikatazwa, na tayari tulikuwa tunaongoza!

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Wafula, ule golikipa wa mlima ako wapi?"

"Si alitoroka na wenzake, bana. Hapa ni kijani tu."

Nilitaka kupaza sauti kwamba Mjomba anadanganya, lakini Mama alinifunga mdomo kwa kiganja kilichonuka kitunguu. Kupitia ufa wa mbao niliwaona waliogonga: majirani zetu, wale wale waliotushangilia, sasa wameshika mapanga.

Nilidhani wamekuja kudai mechi imalizike.