Mwaka Niliokonda

Nilivusha mizigo kwa baiskeli mpakani Busia kwa miaka mingi: gunia nyuma, miguu ikisukuma, jasho likikauka mgongoni. Nilianza nikiwa darasa la sita, mwaka baba alipomfuata mama kaburini. Wadogo zangu watatu walihitaji kula na kwenda shule, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Hatukukaa kulijadili.

Baadaye nikafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli nikawa mtu wa kukaa. Tumbo likaja polepole. Wadogo zangu walilifurahia kama mali ya familia. "Sasa unafanana na baba wa watu," alisema mdogo wangu wa kiume, na mimi nilifurahi pia.

Aliyeharibu furaha hiyo ni sista wa zahanati. Nilikwenda kwa sababu kichwa kiliniuma wiki nzima. Akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akasoma, akafunga tena.

"Mzee, una watoto?"

"Wawili wangu, na wadogo zangu watatu niliowalea."

"Basi meza dawa hii, na tumbo hilo upunguze. Hao watatu wasibaki yatima mara ya pili."

Kesho yake alfajiri nikaanza kukimbia barabara ya kwenda Dabani. Busia, mtu mzima akikimbia watu wanajua sababu. Wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni walinipigia kelele: "Mzee, magendo umeyaficha wapi? Watu wa ushuru wako nyuma!" Nikacheka, nikaendelea. Chakula cha jioni nikakiacha kabisa. Niliona kama kukimbia ni kuzuri, basi kukimbia na njaa ni kuzuri zaidi.

Miezi mitatu ikapita. Tumbo lilipungua, lakini na mashavu yalikwenda nalo, na makalio, na nguvu za mikono. Kola ya shati ilikaa mbali na shingo. Kunyanyua fremu ya baiskeli kuipandisha kwenye ndoano kukawa kazi.

Watu nao wakawa wapole. Hakuna tena aliyenitania barabarani. Mama wa nyanya aliniongezea mbili bila kuombwa. Niliwaelewa. Kwetu mtu akikonda haraka huwa ana jina la ugonjwa linalomfuata, na kila mtu alijua wazazi wetu walikufa kwa ugonjwa gani.

Kisha mdogo wangu wa kiume akanipigia simu. Dada yetu wa mwisho, mwalimu huko Osukuru, alikuwa amechumbiwa, na wakwe wangekuja nyumbani kwetu Iyolwa baada ya mavuno. Mimi ndiye ningewapokea mahali pa baba.

"Kaka, acha kukimbia. Kula. Mpaka wageni waondoke tu."

"Na presha?"

"Presha haionekani. Wewe unaonekana."

Alipokata simu nikapiga hesabu. Nikila kama zamani, ninarudi kwa sista na kichwa kile kile. Nikiendelea, ninaweza kumharibia dada yangu ndoa.

Aliyenisaidia ni fundi wa kuchomelea, Mkenya ninayenunua kwake vyuma. Nyuma ya karakana yake ana jimu: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Alinitazama nikihangaika na mzigo wangu akacheka.

"Unakimbia tu? Ndio maana umekauka kama dagaa wa omena. Ukikimbia na njaa, bila kubeba kitu, mwili unakula mafuta na nyama pamoja. Beba, uuambie mwili kuwa nyama bado ina kazi."

Akanipangia: vyuma siku tatu kwa wiki, kuanzia makopo madogo, nipumue, nisibane pumzi. Kukimbia siku mbili. Jioni nile maharage au mayai, na ugali mdogo. Sista alipoambiwa alikubali, mradi nisiruke dawa. Kufikia mavuno mabega yalikuwa yamerudi na kamba ya suruali ilizidi kukazwa. Lakini uso ulibaki mwembamba.

Siku ya wageni, mdogo wangu wa kiume na dada yangu anayemfuata waliniita chumbani mapema. Walikuwa na sweta mbili nene na koti kubwa la kuazima.

"Vaa zote," alisema dada. "Ujae kidogo."

Nikavaa. Saa sita mchana, chini ya turubai, jasho liliingia machoni na sauti za wageni zikaanza kunifikia kutoka mbali. Dada yetu wa mwisho alipoletwa kupiga magoti kunisalimia, alinitazama usoni, akainuka, akanishika mkono mbele ya wote. "Kaka, twende ndani."

Ndani alinivua koti, akaona sweta ya kwanza, kisha ya pili. Akakaa kitandani.

"Niambie ukweli. Unaumwa ule ugonjwa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. "Nilipima. Sina. Ni presha."

Alilia kidogo, akafuta macho kwa uangalifu asiharibu poda. "Basi toka na shati lako. Kama shingo yako inawafukuza, waende."

Nilitoka na shati. Mzee wa upande wa wakwe alinipima kwa macho kutoka shingoni mpaka viatuni.

"Wewe ndiye uliyewalea hawa?"

"Ndimi."

"Mbona umekonda hivyo?"

Nikamwambia: presha, sista, kukimbia, makopo ya saruji. Akanyoosha mkono akanibonyeza juu ya kiwiko kama anayekagua dume mnadani.

"Huyu bado analima," akawaambia wenzake, na turubai zima likacheka. Mazungumzo yakaendelea.

Wiki iliyofuata nilikwenda zahanati. Presha ilikuwa imeshuka, si yote. Sista akasema niendelee hivyo hivyo. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amenisindikiza, amekaa benchi na tumbo lake magotini.

"Sista," akasema, bila kunitazama, "na mimi nifunge hicho kitambaa."

Namba yake ilikuwa juu kuliko yangu ilivyowahi kuwa. Nilimwambia anifuate kwa fundi Jumatatu, aje na viatu vya kukimbilia.