Nani Anamkama Makao Makuu?

Katika nchi ambako majani chai yamepandwa hadi ukingo wa choo, kupewa chai ya rangi ni hukumu. Bot Kiptum, yaani mama yake Kiptum, alimsomea Chepkurui, mke wa mwanawe, hukumu hiyo kila asubuhi. Alikisukuma kikombe cheusi mezani, na kama kulikuwa na mgeni alimweleza sababu bila kuombwa.

"Maziwa imeenda kambuni," alisema. "Ngoja kambuni ilete."

Maziwa hayo yalikuwa ya Chelel, ng'ombe mweupe ambaye mama mkwe alimpa Chepkurui siku ya arusi, na ambaye tangu siku hiyo aliendelea kumwita "ng'ombe yangu." Mwaka wa tisini na nne, Chepkurui alimkabidhi ng'ombe huyo kwa Kipkemboi, meneja wa kanda wa Nyumba kwa Nyumba Internasheno.

Hakuwa mjinga. Tuseme hivyo mapema, maana nusu ya Sotik ilisema kinyume. Alikuwa amechuma chai tangu kimo chake kilipopita kichaka, mgongo ulikuwa umeanza kumdai, na alitaka kazi ya kukaa chini ya paa. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa posho mill ya kusaga mahindi: akina mama wafume sweta nyumbani, kampuni itanunua zote. Kipkemboi naye hakuwa mtu wa barabarani. Alitahiriwa pamoja na Kiptum, mumewe Chepkurui, aliimba kwaya, alikuwa amekula ugali wa nyumba hiyo mara nyingi. Mtu wa mbali angeulizwa maswali. Kipkemboi aliulizwa kama ameshiba.

Masharti yalikuwa mepesi. Mashine ya kufuma na nyuzi za kampuni ziingie. Ng'ombe atoke, awe amana. Sweta ishirini zikikubaliwa, Chelel anarudi. Kampuni ya kimataifa inayopokea ng'ombe ingeweza kumshtua mtu. Chepkurui aliona tu kwamba ni kampuni inayoheshimu mila.

Akafuma. Pindoni pa kila sweta alipitisha mstari mweupe, kwa ajili ya Chelel. Kipkemboi alikuja na mkoba wake na gunia, akaitandaza sweta ya kwanza mezani, akaivuta, akainusa.

"Aii, mama. Huu mstari si wa kimataifa."

Akaitia guniani. Iliyofuata ilikuwa na mkono mrefu, nyingine shingo ya kiburi. Tatu alizikubali, kama mtu anayemwagia kuku mahindi ili asiondoke uani. Zote, nzuri na mbaya, zilienda na gunia.

Mgeni atauliza kwa nini Chepkurui hakubisha. Mgeni hajasimama kwenye kituo cha kununulia majani. Huko mtoto hujifunza, kabla ya kusoma, kwamba karani ataingiza mkono kikapuni, atatoa jani moja lililokomaa na kusema "mabaya," na jasho la siku nzima litakuwa limekwisha. Hakuna anayebishana na karani. Unaenda nyumbani ukavilaumu vidole vyako. Chepkurui alimpokea Kipkemboi kwa shingo ileile iliyoinama.

Aliyeuliza ni mama mkwe, tena kwa nia mbaya.

"Zile amekataa ziko wapi?"

"Amebeba, mama."

"Karani akikataa majani yako, anabeba?"

Chepkurui akaendelea kufuma.

"Anamwaga hapo miguuni pako. Hajawahi kupeleka kwake."

"Mama, hii ni kampuni."

"Ndiyo nasema. Kunywa chai."

Siku ya soko Chepkurui alitia sweta mpya kikapuni akaenda Siongiroi, ambako Kipkemboi alisema ofisi iko. Ofisi hakuiona. Aliona, karibu na uwanja wa mnada wa ng'ombe, kibanda cha mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa, Syprose, na juu ya kamba yake sweta zimepangwa, kila moja na mstari mweupe pindoni.

"Mama, hizi umetoa wapi?"

"Unanunua ama unanihoji?"

"Nauliza tu."

"Hizi ni spesho. Ona mstari. Hiyo ndiyo watu wanapigania. Bila mstari hata sichukui."

"Ni mimi nimefuma."

"Na mimi ndiyo nilishona kofia ya D.C. Songa, unanizibia wateja."

Chepkurui akatoa ile ya kikapuni, akaiweka kando ya nyingine. Syprose alitazama mstari huu, akatazama ule.

"Wuololo! Na aliniambia zinatoka kiwanda ya Eldoret." Akavuta kigoda. "Kaa hapo nyuma. Mzigo huu sijalipa, anakujia pesa saa hii. Usifungue mdomo mpaka niseme."

Kipkemboi alifika akiwa na mkoba na tabasamu.

"Mama Syprose, biashara?"

"Mbaya. Sweta zako zimekataliwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kufuma. Simama, wewe."

Chepkurui akasimama. Tabasamu la Kipkemboi lilibaki pale lilipokuwa, likiwa halina tena wa kulitumia.

"Chepkurui! Chamgei, habari yako. Sasa, unajua vile kampuni..."

"Chelel iko wapi?"

"Amana iko salama. Iko makao makuu."

"Nani anamkama huko makao makuu?"

Madalali wa ng'ombe waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mmoja hakucheka.

"Ile nyeupe?" alisema. "Si wewe uliniuzia, Kipkemboi? Hiyo ilienda bucha kitambo."

Kicheko kilikatika. Chepkurui hakulia, alimgeukia Syprose.

"Lipa mimi."

"Hizo ni mali ya kampuni!" Kipkemboi alipaza sauti.

"Leta kampuni hapa basi, niilipe," Syprose akamjibu.

Kipkemboi akatazama upande wa Sotik kama mtu anayetarajia kampuni iwasili. Madalali walikuwa wameanza kusogea na fimbo zao. Aliondoka bila mkoba, kwa mwendo usio wa kimeneja. Miaka miwili baadaye alionekana Chepseon akiandikisha wafugaji wa sungura.

Syprose alilipa, kisha akatoa masharti yake kabla hajaombwa. "Ukileta nzuri, nalipa hapo hapo. Mbaya, unarudi nayo kwako. Sitaki amana, sitaki undugu, na usiniimbie kwaya." Yalikuwa maneno makavu, na ndiyo kazi ya nyumbani ya kwanza ya halali ambayo Chepkurui alipata.

Kwa malipo hayo alinunua ndama jike mwekundu, mwembamba, akamswaga hadi nyumbani. Bot Kiptum alimzunguka. Akamfungua mdomo, akainua mkia, akapapasa mbavu.

"Mabaya," alisema.

"Basi kesho namrudisha sokoni."

Lakini mama mkwe alikuwa ameshaishika kamba.

"Yenye imekataliwa hairudi," alisema. "Si hiyo ndiyo sheria ya kambuni yenu?"

Akamwingiza ndama zizini, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi alimimina chai, nyeusi kama jana, akaisukuma mezani.

"Ngoja ikue," alisema.